Kadi Iliyokuja na Basi la Wamunyu

Maringo, Nairobi
11 Februari 1996

Mjomba Muthama,

Kabla sijakusalimu, wacha nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Batulo ninayeketi naye dawati moja. Mimi huwalilia wafu nisiowajua. Naenda bafuni, nafungua mfereji maji yapige kelele kwenye karai, nalia, kisha nanawa uso na kurudi sebuleni kama mtu aliyekwenda kunawa tu. Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu, ujasiri utaniishia njiani.

Sasa salamu. Hujambo, Mjomba? Nyanya yangu Susu hajambo na mguu wake? Mvua imefika huko ama bado mnaangalia mawingu? Mimi niko kidato cha tatu. Mama anaendelea. Hajui kwamba nakuandikia. Najua nyinyi wawili hamsemezani tangu babu alipozikwa, sijui kwa nini, na sikuulizi. Ukinijibu, tafadhali tumia sanduku la posta la shule, nimeliandika nyuma ya bahasha.

Huenda hujui kwamba Mama alipunguzwa kazi ofisini kule Industrial Area. Walikuwa wameletewa kompyuta mpya, basi wakamwachia ile yake ya zamani pamoja na printa inayolia kama cherehani. Anapiga chapa hapa nyumbani. Wateja wetu karibu wote ni wafiwa: programu za mazishi na wasifu wa marehemu. Kabla ya kuchapisha, lazima wenyewe wasomewe wasikie kama kuna kosa. Msomaji ni mimi, maana Mama akisoma kwa sauti anakohoa.

Juzi alikuja Mzee Wabwire wa Kaloleni, amefiwa na mkewe. Aliketi kwenye kochi, kofia mapajani. Nikaanza: "Marehemu Mama Nabwire alizaliwa katika kijiji cha..."

"Pole pole, msichana. Unamkimbizia wapi?"

Nikarudia.

"Hapo pa 'alipenda kuimba', toa. Hakupenda kuimba. Alikuwa akiimba kunikasirisha mimi."

Binti yake akamwambia, "Wacha ikae, Baba. Kanisani itasikika vizuri."

"Basi andikeni, alipenda kuimba, huku akijua hajui."

Wote walicheka, na mzee mwenyewe akacheka. Mimi nikaenda bafuni.

Hiyo ndiyo kazi yangu nikitoka shule. Nimechoka, Mjomba. Sijui kama mtu wa umri wangu anaruhusiwa kuchoka namna hii.

Lakini si hilo lililonifanya nikuandikie. Kompyuta yetu haina kumbukumbu ya kudumu. Ukiizima, imesahau. Kila kitu tunaweka kwenye disketi, na vumbi la Jogoo Road linaingia mpaka kwenye sukari, sembuse disketi. Ile ya Mzee Wabwire ilikufa jioni, gari la kupeleka maiti Busia likiwa limeshawashwa. Walisafiri bila programu hata moja. Mzee hakutukana. Alivaa kofia akasema, "Basi tutamtaja kwa mdomo." Mama alingoja mlango ufungwe. "Mashine hii ikinitia aibu tena, narudi godauni."

Unalijua godauni lile. Alichambua matambara ya pamba pale nilipokuwa mdogo, kabla hajajifunza kupiga chapa, na kikohozi alitoka nacho huko. Sitaki arudi. Hilo ndilo ninalolitaka duniani kwa sasa, na ni hilo moja.

Kaka yake Batulo, anaitwa Roble, ana kibanda Pumwani anatengeneza televisheni na michezo ya video. Amenipa diski ngumu aliyoitoa kwenye kompyuta iliyoharibika. Ni ndogo kama kitabu cha nyimbo, na anasema ingetunza wasifu wa Maringo nzima. Lakini haingii kwetu. Mashine yetu ni mzee mno, na kadi ya kuziunganisha haiuzwi popote anapojua. Nikakumbuka ulipokuwa ukikaa hapa kwetu, ulivyoifanya redio ya jirani iongee kutoka ndani ya mkebe wa mafuta ya Kimbo.

Je, unaweza kuitengeneza?

Mpwa wako,
Mutheu


Wamunyu
2 Machi 1996

Kwako Mutheu,

Nimepokea barua yako, nami nashukuru. Susu hajambo. Mguu ni ule ule, unamtabiria mvua isiyokuja. Anakusalimu na anauliza kama umenenepa. Nimemwambia ndiyo. Wachongaji hapa wana kazi, watalii wanataka twiga kuliko kitu kingine chochote, kwa hivyo kijiji kizima kimejaa shingo. Mimi si mchongaji, unajua. Natengeneza redio zao ili wachonge wakisikiliza taarifa.

Kuhusu bafuni: endelea kufungua mfereji. Mimi huongeza sauti ya redio.

Sasa kadi. Inawezekana. Wa madukani watakuambia ununue mashine mpya, usiwalaumu, ndio ugali wao. Shida ni hii. Mashine yenu ina mdomo mdogo, humeza biti nane kwa mara moja. Diski ya siku hizi hutoa kumi na sita kwa mpigo. Ni kama Susu akumiminie sufuria nzima ya mahindi ya muthokoi na wewe umeshika kisahani. Kadi ni mtu wa kusimama katikati. Anapokea sufuria, anakupa nusu, nusu nyingine anaishikilia mpaka umeze. Hakuna uchawi, ni uvumilivu tu, na chipu chache ambazo ninazo kwenye mkebe.

Nahitaji vitu viwili. Fungua mashine, upime ile nafasi ndefu ambamo kadi huchomekwa, uniwekee kwenye karatasi kwa ukubwa wake kamili, usikisie. Pili, kadi haitoshi peke yake. Mashine ikiamka haijui kama kuna diski, lazima iambiwe, na maneno ya kuiambia hukaa ndani ya chipu moja maalumu. Mwulize huyo Roble kama ana kifaa cha kuandikia chipu. Mtu wa michezo ya video hawezi kukosa.

Nitaitengenezea hapa. Nairobi siji. Tafadhali usinisihi.

Mjomba wako,
Muthama


Maringo
24 Machi 1996

Mjomba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mvua huku imefika na imeingia mpaka kwa jirani. Nilipita mtihani wa Fizikia, na mwalimu akaniita mbele nieleze nilivyofanya, nikasimama pale mpaka kengele ikalia. Darasa zima lilipiga makofi kwa dhihaka.

Nilikwenda kwa Roble na Batulo. Kibanda chake kimejaa televisheni zilizo wazi matumbo. Alinitazama nikiwa nimesimama mlangoni.

"Sasa, dada? Utaongea ama nikuletee kalamu?"

Batulo akasema, "Mwache. Huyu akisema neno moja ameshalifikiria mara kumi."

"Basi ni ghali, aseme moja tu. Kifaa cha kuandikia chipu? Niko nacho. Ni cha kazi nisizomwambia mama."

Mjomba, anayo hata programu yenyewe ya kuamsha diski! Aliipata kwenye disketi. Kuna watu ng'ambo wanaopenda mashine za zamani kama wengine wanavyopenda njiwa, wanaandika vitu hivi jioni baada ya kazi na kugawa bure. Roble anasema aliiweka tu, hakuwahi kuona mtu wa kuitumia. "Nani mwingine Eastlands anafufua dinosari?" Akaniuliza mashine ikiamka ikaiona diski, iandike maneno gani kwenye kioo. Ya wale watu ni ya Kiingereza, lakini yanabadilika. Akangoja, akachoka, akaandika yake: DISKI IPO. USIOGOPE.

Chipu iko tayari, naitia ndani ya barua hii, imefungwa kwa karatasi ya sigara. Usiikunje miguu yake. Na mchoro wa ile nafasi uko ukurasa wa pili. Nimeupima mara tatu kwa rula ya shule.

Mama ana shughuli nyingi siku hizi, mchana hayupo sana. Wafiwa wakija ninawapokea mimi. Nimejifunza kupiga chapa haraka.

Fanya hima, Mjomba. Sitaki kukuharakisha, lakini fanya hima.

Wako,
Mutheu


Wamunyu
9 Mei 1996

Kwako Mutheu,

Nisamehe kwa kukawia. Wamunyu hakuna duka la vifaa vya umeme, kuna la sare za shule na la misumari. Chipu yako ilifika salama.

Shaba ya kadi nimeitoa kwenye kibao cha zamani. Njia za umeme lazima zichorwe kwa kitu kisichoyeyuka kwenye tindikali inayokula shaba nyingine. Hapa kilichopatikana ni rangi ya kucha. Nilikwenda dukani nikaomba chupa moja nyekundu. Mwenye duka akaita wanawake waliokuwa nje.

"Njooni mwone, Muthama ananunua kucha! Bibi arusi ni nani?"

"Ni mashine ya Nairobi," nikawaambia.

"Eeh, wa Nairobi wote ni mashine!"

Kijiji kizima kimekuwa na furaha kwa gharama yangu, na baadaye nikaenda nyumbani nikachora. Nimechora usiku na mchana, naona njia zikigusana hata nikifumba macho. Macho yangu si yale ya zamani. Kila nilipochomelea nilikuwa nashika pumzi.

Nimeijaribu kwa taa na betri, kila njia inapitisha, hakuna inayogusa jirani yake. Ile safu ya vidole vya shaba chini, inayoingia kwenye nafasi ya mashine, nimeipaka risasi nyembamba isipate kutu. Niliiacha mezani ipoe, nikaitwa kwenye pampu ya maji ya shule, na niliporudi Susu alikuwa ameshaifunga kwa gazeti na kitambaa, amefunga na kamba. Anasema mizigo ya Nairobi anaijua kufunga kuliko mimi. Sikuifungua, basi lilikuwa linapiga honi.

Nimempa dereva wa basi la asubuhi, uichukue kwake kwenye stendi ya Machakos hapo Nairobi. Zima mashine kabla hujachomeka. Iingize sawasawa, usiilazimishe, lakini ifike mwisho.

Natumaini itafanya kazi. Nimesema hivyo kwa sauti, na si kawaida yangu.

Muthama


Maringo
26 Mei 1996

Mjomba,

Shikamoo. Susu mwambie sijanenepa lakini nakula.

Kadi ilifika. Nilipoifungua nilidhani wamenipa mzigo wa mtu mwingine, ilikuwa inang'aa kama viatu vya mtu anayekwenda kuposa! Na inanukia nyumbani kwenu, ile harufu ya sebule ya Susu. Nilikaa nayo mapajani muda mrefu kabla sijafanya lolote. Ni kazi nzuri mno. Zile njia nyekundu zimepinda kama mito kwenye ramani.

Nilizima mashine. Nikaiingiza sawasawa, ikafika mwisho. Nikaunganisha diski. Nikawasha.

Mashine ilihesabu kumbukumbu yake kama kawaida, kisha ikaniomba disketi. Maneno ya Roble hayakuja. Nilizima nikaitoa nikaingiza tena. Niliibadilisha nafasi. Roble alikuja mwenyewe baada ya swala ya Ijumaa akabadilisha waya, akabadilisha diski, akasema chipu ameipima na ni nzima. Akaiinua kadi kuelekea jua akaiangalia. "Aliyeitengeneza anajua kazi. Sielewi."

Pengine nilichora vibaya, Mjomba. Ni kosa langu. Niambie ninachoweza kufanya.

Mutheu


Wamunyu
7 Julai 1996

Kwako Mutheu,

Salamu. Susu ana homa kidogo lakini anagombana, kwa hivyo atapona.

Hukuchora vibaya. Niliulinganisha mchoro wako na kibao nilichonacho, uko sawa kwa unywele. Kama kuna kosa ni la mkono wangu. Nimekaa na jambo hili wiki nyingi. Huenda kuna kiungo ambacho kilishika hapa kwa betri na kikaachia njiani kwa mtikisiko. Huenda macho yalinidanganya. Fundi hufika siku ambayo mkono unaisha, na hakuna anayemwambia, anaona tu vitu vinarudi. Usiirudishe. Sidhani nitaona zaidi ya nilichoona.

Uliniambia huniulizi kwa nini simwandikii mama yako. Nitakuambia, kwa kuwa umenipa mambo yako ya bafuni.

Babu yako alipofariki, mama yako ndiye aliyepiga chapa programu kule ofisini kwao. Mke wangu Rispa alikuwa amerudi kwao wakati huo, tumegombana, na watu walijua. Mama yako hakumwandika kwenye majina ya wakaza mwana. Hakuniuliza. Lakini Rispa alikuja mazishini. Alikuja na mchele na leso kama mkaza mwana mwingine yeyote, akaketi na wanawake, nami nikajua ameamua kurudi. Kisha mchungaji akasoma majina. Rispa alisikiliza mpaka la mwisho. Hakungoja chakula. Tangu hapo sijamwona.

Sina hasira tena. Ilikaa mwaka mmoja ikaondoka yenyewe. Kilichobaki ni kuchoka, na mtu aliyechoka haoni sababu ya kupanda basi.

Soma masomo yako. Mashine ni mashine.

Muthama


Maringo
21 Julai 1996

Mjomba,

Nimesoma. Sikujua. Pole sana, na najua neno hilo ni dogo.

Nami nina langu nililokuficha. Mama yuko godauni. Amekuwa huko tangu Machi. Disketi nyingine ilikufa, ya msiba wa watu wa mtaa wa Jericho, na kesho yake akatoa ovaroli yake ya zamani chini ya kitanda. Sikukuambia kwa sababu niliogopa ungesema basi hakuna haja tena ya kadi. Anarudi na nywele zimejaa nyuzi za pamba, anaonekana mzee. Akipanda ngazi anasimama katikati. Kikohozi kimerudi na kinakaa nasi mezani kama mgeni.

Bado nasomea wafiwa. Mkono wako haujaisha. Sitaki uandike hivyo tena.

Tafadhali nijibu.

Mutheu


Maringo
29 Septemba 1996

Mjomba Muthama,

Hukunijibu. Sikulaumu, ila nimekuwa nikienda ofisi ya karani wa shule kila siku mpaka sasa akiniona anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Natumaini Susu amepona homa. Nami nina habari juu yake, utaiona mbele.

Jumamosi iliyopita nilikuwa peke yangu. Nikaitoa kadi kwenye sanduku la viatu ninamoiweka, nikaiweka mezani nikaitazama tu, kama mtu anavyotazama picha. Sikumsikia Mama. Aliingia, akavua viatu, akaketi kwenye kochi la wafiwa, macho amefumba. Nilijua hata nikiificha sasa ataniona.

Akauliza, macho bado amefumba, "Nani ameleta vinyago humu ndani?"

"Hakuna vinyago, Mama."

"Usinidanganye. Nimekulia ndani ya harufu hiyo. Nilisugua twiga mpaka nikachukia shule zikifungwa."

Akafumbua macho, akaiona kadi. Akanyoosha mkono. Nikampa. Aliileta puani. Akapitisha kidole gumba juu ya vile vidole vya shaba, akakitazama kidole chake, akanionyesha. Kilikuwa na rangi ya kahawia.

"Hii ni polishi ya viatu," akasema. "Imepakwa, ikakaushwa, ikasuguliwa kwa kitambaa cha sufu. Hii ni kazi ya mama yangu."

Mjomba, Susu aliipaka polishi! Mama anasema hakuna kitu cha mikono kilichowahi kutoka nyumba ile kwenda Nairobi bila kupakwa, hata mwiko, hata mpini wa jembe. Wanaume wanachonga, wanawake wanang'arisha, na kitu kisichong'aa ni aibu kwa wanawake wa nyumba hiyo. Aliikuta kadi yako mezani haina mng'ao akaona umeisahau kazi nusu. Umeme haupiti kwenye polishi. Ndiyo maana ulipoipima ilipitisha, na ilipofika hapa ikanyamaza.

Mama alicheka. Alianza kidogo, kisha akainama, akapiga goti kwa kiganja. "Mama! Mama amefunga umeme mdomo!" Alicheka mpaka ikawa kikohozi, na kikohozi mpaka nikamletea maji, na alipokunywa akaanza kucheka tena. Sijamsikia hivyo tangu nikiwa shule ya msingi.

Akaigeuza kadi. "Ni Muthama," akasema. Hakuuliza. Nikamwambia ndiyo.

"Tangu lini mnaandikiana?"

"Tangu Februari."

"Na anasema nini juu yangu?"

Nikaenda nikaleta barua yako ya Julai nikampa aisome mwenyewe. Kama nimekosea, nimekosea. Aliisoma mara mbili, akaikunja vile vile ilivyokuwa imekunjwa.

Jumapili alininunulia chupa ya spiriti kwenye duka la dawa. Nilisugua vile vidole kwa raba ya penseli na spiriti mpaka pamba ikatoka nyeupe, na ndani ya nafasi ya mashine nikasugua kwa mswaki wa zamani, maana polishi ilikuwa imeachwa huko pia. Nikaingiza. Mama alisimama nyuma yangu, mikono ameiweka mgongoni kama mwalimu wa zamu. Nikawasha. Ikahesabu, ikahesabu. Kisha kioo kikaandika:

DISKI IPO. USIOGOPE.

"Nani anaogopa hapa?" Mama akakiuliza kioo. Lakini alikuwa amenishika bega, na aliliminya.

Imefanya kazi wiki nzima. Haijasahau hata jina moja. Ukiizima na kuiwasha, yote yapo. Roble alikuja kuiona, akapiga mluzi, akasema anataka kukutana na wewe na Susu, ila Susu kwanza. Mkono wako haujaisha, Mjomba. Na mkono wa Susu nao haujaisha. Tafadhali usimgombeze, mwambie tu kwamba ilifika iking'aa.

Sasa naandika yale ambayo Mama amenikataza. Amenikataza kwa maneno haya: "Umwambie kadi inafanya kazi, umshukuru, basi." Nimekushukuru. Basi imekwisha, na haya ni ya ziada.

Amenikataza kukuambia kwamba Ijumaa alifua ovaroli, akaipiga pasi, akaipeleka godauni na kuwarudishia. Anaogopa ikifika Januari kazi iwe imekuwa kidogo akalazimika kwenda kuiomba tena, nawe usikie ucheke. Nikamwambia huwezi kucheka. Akasema, "Wewe humjui kaka yangu." Kifua bado. Asubuhi bado anasimama katikati ya ngazi. Lakini jana alimsomea mteja mwenyewe, ukurasa mzima, pole pole, na mimi nikakaa jikoni nikakaranga vitunguu kama mtoto wa mtu mwingine.

Amenikataza kukuambia alichosema kuhusu Rispa. Tulikuwa tunachambua mchele. Alisema, "Nilidhani namfunika. Niliona watu watalisikia jina la mkewe wageuke kumtazama kaka yangu, na baba yetu hajazikwa. Nilidhani namfunika." Alirudia mara kadhaa akichambua, na punje nzuri alikuwa anazitupa pamoja na mawe. Kisha akasema, "Usimwandikie hilo. Halisaidii kitu." Sijui kama linasaidia. Nimeliandika lilivyosemwa.

Na amenikataza kabisa kukuambia uje. Kwa hivyo sikuambii. Nakuambia tu kwamba mashine ina nafasi nyingine mbili tupu, kwamba printa inakwama karatasi na Roble haiwezi, na kwamba leo Mama ametoa lile godoro lililokuwa juu ya kabati akalianika nje kwenye jua. Nilipomwuliza ni la nani, akasema godoro likikaa sana linanuka. Hatuna mgeni tunayemtarajia, Mjomba. Hatuna kabisa.

Na mlangoni nasikia viatu vyake. Ametoka kuligeuza. Nageuza karatasi, naweka kitabu cha Fizikia juu yake.

Mutheu